Lukas Shempemba, Aliyetuliza Injini ya Silinda Sita

Ndugu waombolezaji, Jumanne ya tarehe 11 Novemba 2008, saa nne na robo asubuhi, nilikuwa napara samaki kwenye karai nyuma ya nyumba ya Bi Shaikha, ambaye nampikia, hapa Hail, Maskati, magamba yamenijaa mpaka viwikoni, ndipo mwanangu Bakhita alipotoka jikoni na simu, hakunyoosha mkono kunipa, aliishikilia tu kifuani, nikajua ni hospitali na nikajua walichosema. Nilimaliza samaki wawili waliobaki, kwa sababu joto lile lisingewasubiri, nikanawa, nikaenda. Hivyo ndivyo nilivyopata habari kwamba Lukas Shempemba, mume wangu kwa miaka kumi na minane, amefariki, na leo Ijumaa tumemzika.

Kwa desturi ya kwetu historia ya marehemu husomwa na ndugu yake wa kiume, na husomwa makaburini. Yote mawili nimeyabadilisha. Kaka yake yuko Korogwe na hakupata viza, na makaburini watu husimama, na mtu aliyesimama akisikia asilolipenda huondoka. Hapa mmekaa. Karatasi mliyogawiwa mchana, yenye picha ya Lukas, iliyochapishwa na ndugu yetu Godson kwa hiari yake mwenyewe, inasema kwamba marehemu "alikuwa msaidizi wa fundi Godson katika kazi ya kuondoa mtetemo kwenye gari la kale la Bwana Musallam". Karatasi hiyo iwekeni chini ya sahani zenu, itazuia mchuzi usimwagikie kitambaa. Historia yenyewe ni hii.

Lukas alizaliwa tarehe 18 Oktoba 1958, sikukuu ya Mtakatifu Luka, katika kambi ya shamba la mkonge nje kidogo ya mji wa Korogwe, akiwa mtoto wa tatu kati ya saba. Baba yake, Mzee Shempemba, alikuwa mwangalizi wa injini iliyoendesha korona, ile mashine ya kusaga majani ya mkonge, na kila alfajiri kabla ya kunywa chai alikuwa anaweka kiganja kwenye ukuta wa jengo la injini, kwa sababu alisema injini mbovu husikika ukutani siku tatu kabla ya kusikika masikioni. Lukas alianza kuweka kiganja chake chini ya kile cha baba yake kabla hajajua kusoma.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1966 hadi 1972, hakuchaguliwa kuendelea na sekondari, akakaa nyumbani mwaka mmoja akilima, kisha akaingia chuo cha ufundi Tanga mwaka 1974 na kuhitimu mwaka 1976 akiwa wa pili katika darasa la watu ishirini na sita. Alifanya kazi katika shamba lile lile la baba yake tangu 1977 hadi 1985, halafu katika karakana ya reli Tanga hadi 1992. Tulifunga ndoa Jumamosi ya tarehe 28 Julai 1990 katika kanisa la Korogwe, mvua ikinyesha, na Mungu alitujalia watoto wawili, Bakhita, aliyezaliwa tarehe 3 Mei 1991, na Maha, aliyezaliwa hapa Maskati tarehe 9 Februari 1996, ambaye jina lake alipewa na Bi Shaikha.

Mwezi Machi 1992 Bwana Musallam, aliyeko hapa mbele, mzaliwa wa Tabora kama wengi mnavyojua, alifika Tanga akitafuta magari ya kale yaliyoachwa na walowezi, na katika ghala la shamba moja la mkonge alikuta gari la mwaka 1914 lenye injini ya silinda sita, kuku wamelitagia kiti cha nyuma. Wenyeji walimwambia limekufa. Lukas aliazimwa kutoka reli kwa siku mbili ili alitoe ghalani, akakaa nalo siku tisa, na siku ya tisa likanguruma. Mwezi Julai mwaka huo huo gari na fundi wake walikuja Maskati, gari kwa meli na fundi kwa ndege, kwenye gereji ya Bwana Musallam pale Mawaleh. Mimi nilifuata mwezi Januari 1994 pamoja na Bakhita, nikawa mpishi katika nyumba hii, na Bi Shaikha akatupa vyumba viwili vya nyuma.

Sasa nawaomba mnisikilize vizuri, kwa sababu hii ndiyo kazi ya maisha yake. Gari lile likienda polepole lilikuwa na adabu, lakini likifika maili thelathini na tano kwa saa lilianza kutetemeka kuanzia sakafuni, vioo vikalia, meno ya abiria yakagongana, kisha likivuka maili arobaini linatulia kana kwamba halikufanya kosa. Mafundi watatu walilitazama na kila mmoja akakaza kila kilichokazika. Lukas alinieleza tatizo nikiwa nakanda chapati, nami nawaeleza kama nilivyoelewa. Ndani ya injini kuna mhimili mrefu wa chuma, kranki, unaozungushwa na pistoni zote sita, na kwa kuwa ni mrefu na zinaupiga kwa zamu, hujikamua huku na huku kama shuka inayokamuliwa na watu wawili. Ukifika mwendo fulani, mapigo yanakutana na kule kujikamua, kama mtu anayesukuma bembea kila inaporudi, na mhimili unazidi kujikamua mpaka siku moja unakatika.

Kwanza alitia raba chini ya injini, na abiria wakasifu, lakini yeye hakufurahi. Alisema, "Raba inamficha abiria ugonjwa, haimponyi mgonjwa." Alirudi kwenye sanduku la vyuma vilivyookotwa ghalani Tanga, akatoa gurudumu dogo zito ambalo kila fundi alidhani ni la mkanda wa feni, akakaa nalo mezani kwangu wiki nzima, mpaka akaelewa kwamba waliotengeneza gari hilo waliliweka kwenye pua ya mhimili kwa makusudi. Halikupaswa kukazwa. Lilipaswa kubanwa katikati ya visahani viwili vya ngozi kwa nati sita zenye springi, kiasi kwamba mhimili ukijikamua ghafla, gurudumu kwa uzito wake linakataa kufuata, linateleza kidogo juu ya ngozi, na kule kuteleza ndiko kunakula mtetemo. Ukilikaza sana linakuwa sehemu ya mhimili na ni kama halipo.

Ngozi ya zamani ilikuwa imegeuka vumbi. Alijaribu ya ng'ombe, alijaribu mkanda wa pamba, mwishowe akatumia ngozi ya mbuzi iliyolowekwa siku tatu katika mafuta ya nyonyo, ndani ya sufuria yangu nzuri ya wali, ambayo sikuipata tena. Kipimo cha kukaza nati alikiazima kwa muuza nyanya wa Mawaleh, ile mizani ya kuning'iniza yenye ndoana, akazungusha kamba kwenye gurudumu, akavuta kwa mizani, na gurudumu likaanza kuteleza kwenye kilo nane. Kwenye saba injini ilitetemeka, kwenye kumi ilitetemeka, kwenye nane ilinyamaza. Ilimchukua toka Machi 1994 hadi Juni 1995 kuipata hiyo nane. Siku hiyo Bwana Musallam aliinua magurudumu ya nyuma kwa jeki, akaweka finjani ya kahawa imejaa juu ya boneti, akamwambia Lukas apandishe mwendo, mshale ukapita thelathini na tano, ukapita arobaini, na kahawa haikumwagika. Bwana Musallam aliinywa palepale, na nadhani anaikumbuka ladha yake.

Godson alikuja Maskati mwezi Februari 1995 kwa barua aliyoandikiwa na Lukas, waliyefahamiana naye Tanga. Alilala sebuleni kwetu miezi saba. Alikula chakula changu, alipopata homa nilimfulia mashati, na aliniita shemeji na anaendelea kuniita shemeji. Alikuwa anajua Kiingereza na Kiarabu cha kuongea na wageni, na mwaka 1997 akafanywa msimamizi wa gereji, Lukas hakuona ubaya, alisema kuongea na wageni ni kazi nzito na amefurahi kuiepuka.

Gereji ile ilikuwa na utaratibu mmoja ambao Lukas aliuleta kutoka reli. Kila nati ikishakazwa hutiwa tone la rangi, ili ikilegea ijulikane ni mkono wa nani. Rangi ya Lukas ilikuwa njano, ya Godson nyekundu.

Jumatano ya tarehe 19 Novemba 1997, siku moja kabla ya maandamano ya magari ya kale, Lukas alimpeleka Maha kliniki kwa chanjo. Wakati hayupo, Godson alikagua gari, akashika lile gurudumu, likacheza kidogo mkononi, akaona ni uzembe, akachukua spana akakaza nati zote sita mpaka mwisho, akatia rangi yake. Namtendea haki, halikuwa kosa la ubaya, ni kosa ambalo fundi yeyote wa kwetu angelifanya, kwa maana tunafundishwa toka mwanzo kwamba kinacholegea kikazwe. Kesho yake, kwenye barabara ya kutoka Seeb kuja Mawaleh, mbele ya wageni, gari lilifika maili thelathini na tano na mhimili ukakatika vipande viwili, kimoja kikatoboa injini, mafuta yakawamwagikia watu viatu. Hakuna aliyeumia. Injini iliyodumu miaka themanini na mitatu ilikufa mchana ule.

Walipolivuta gari hadi gereji na kufungua mbele, nati sita zilikuwa zimekazwa mpaka mwisho, na juu yake palikuwa na rangi ya njano, mbichi. Kati ya barabara na gereji gari lilisimama nusu saa likisubiri kuvutwa, na aliyebaki nalo ni mtu mmoja. Bwana Musallam alisema, na maneno haya Lukas aliniambia jioni ile akivua viatu, "Lukas, mkono wako nnauamini, lakini nati hizi zina rangi yako." Lukas aliziangalia nati, akamwangalia Godson, Godson akaangalia sakafu. Lukas akajibu, "Rangi ni yangu, Bwana." Akafukuzwa gereji.

Nilimwambia ni mjinga. Aliniambia mke wa Godson amejifungua Moshi wiki iliyopita, na kwamba akitajwa atapandishwa ndege kabla mtoto hajapewa jina. Akasema, "Atasema mwenyewe, Mama Bakhita. Mpe muda." Alimpa miaka kumi na moja.

Kuanzia tarehe 1 Februari 1998 Lukas alifanya kazi katika kiwanda cha vigae huko Rusayl, akiangalia mashine za kusukuma hewa, na hakuna mashine iliyolala hata siku moja kwa uzembe wake. Lakini sisi Waswahili wa mji huu ni wachache na midomo yetu ni mingi. Aliitwa Lukas Mvunja Gari. Wanawake wenzangu sokoni walikuwa wananiuliza kama huwa namwachia abebe sahani, nikacheka nao, kwa sababu asiyecheka huulizwa tena. Baadhi yao wako hapa, wanajifahamu, na leo sahani wataziosha wao.

Mwezi Mei 1999 Godson alikuja nyumbani na boksi la tufaha. Mhimili mpya ulikuwa umeletwa kutoka ng'ambo pamoja na gurudumu lake, injini imefungwa upya, na ilikuwa inatetemeka vilevile. Nilikuwa naosha masufuria, dirisha liko wazi. Alizungukazunguka kwa maneno, akauliza habari za watoto, akauliza habari za Korogwe, halafu akauliza gurudumu linabanwa kiasi gani. Mimi nisingemwambia hata kwa kisu. Lukas alisema, "Kilo nane. Na ngozi ya mbuzi, iloweke siku tatu." Godson alipokuwa anatoka alichungulia jikoni akacheka, "Shemeji siku hizi hata chai hakuna?" Nilimwambia chai ipo, wenye nyumba ndio wameisha. Tufaha niliwapa mbuzi wa jirani.

Mwaka 2003 gazeti lilitoa picha ya Godson amesimama na gari, likamtaja kuwa ndiye aliyegundua namna ya kuondoa mtetemo, na kibao cha shaba chenye jina lake kikabandikwa mbele ya usukani. Lukas aliikata picha ile, nikadhani ataichana, akaitia ndani ya kitabu kwa sababu gari lilikuwa limetoka vizuri.

Mwezi Februari 2006 Lukas alianza kuvimba miguu, akagundulika kuwa figo zimeshindwa, na tangu Aprili mwaka huo alikuwa akisafishwa damu mara tatu kwa wiki katika hospitali ya serikali. Hakuweza kuendelea na kazi. Katika miaka miwili na nusu ya ugonjwa Godson alikuja mara moja, na akaleta kalenda yenye picha yake na gari. Mwezi Oktoba mwaka huu hali ilizidi, akalazwa tarehe 2 Novemba, na tarehe 11 Novemba 2008, saa nne kasoro dakika kumi asubuhi, akafariki, akiwa na umri wa miaka hamsini na siku ishirini na nne.

Mchana huo nilikuwa natafuta suti ya kumzikia, na chini ya kabati nikakuta kopo la biskuti lenye lile gurudumu na zile nati sita, kwa kuwa siku alipofukuzwa aliambiwa aondoe takataka zake. Alikaa nazo miaka kumi na moja na hakuzikwangua hata moja, kwa sababu alikuwa anamsubiri mtu aseme. Mimi sikuwa na mtu wa kumsubiri. Nilikaa sakafuni na mpini wa kijiko cha chai nikakwangua njano, na chini ya njano, kwenye nati tano, pana nyekundu, ya sita nikaiacha ilivyo. Rangi haijipaki chini ya nyingine. Mwenye nyekundu alikaza kwanza, na njano ikaja kufunika.

Juzi, Jumatano, nilizipeleka Mawaleh, Bi Shaikha akinisindikiza awe shahidi. Bwana Musallam alivaa miwani, akaangalia moja moja, akaomba mafuta ya kusafishia rangi, nati ya sita akaisafisha kwa mkono wake mwenyewe. Halafu akakaa. Alisema, "Bi Filomena, wallahi, miaka kumi na moja nnakula na huyu sahani moja." Akaniuliza kama nataka amfukuze.

Godson, usiinuke. Mlangoni amekaa Bakhita na amefundishwa kazi yake.

Nilisema hapana. Mtu aliyefukuzwa anahama, anafika mji mwingine na hadithi yake nyingine, na baada ya mwaka mmoja yeye ndiye aliyeonewa. Niliomba abaki. Nilimwomba Bwana Musallam kile kibao cha shaba king'olewe, kiwekwe kingine, na Bwana Musallam, namshukuru mbele yenu wote, alikubali kabla sijamaliza sentensi. Kimechongwa jana, kimefungwa leo asubuhi tulipokuwa kanisani, na kimeandikwa, "Injini hii ilitulizwa na Lukas Shempemba wa Korogwe, 1995." Kuanzia kesho Jumamosi, kazi ya kwanza ya msimamizi wa gereji kila asubuhi, kabla ya kufungua boneti, ni kung'arisha shaba hiyo, na kila mgeni akiuliza Lukas Shempemba ni nani, msimamizi atajibu, kwa Kiingereza au kwa Kiarabu, kwa kuwa anavijua vyote viwili. Nati tano nilizokwangua ziko kwenye sinia karibu na birika la kunawia, kila mmoja ataziona anapopita. Ya sita anayo Bwana Musallam. Ndugu Godson, wengine wataniambia nikusamehe kwa sababu ya msiba. Sijaombwa msamaha, na kitu kisichoombwa hakitolewi.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo, hasa wale waliompa Lukas kitanda cha dirishani bila kuulizwa, wafanyakazi wenzake wa Rusayl waliojitolea kutoa damu mara nne, Padri aliyetuongoza leo, majirani wa Hail, na Bi Shaikha, ambaye nilipoanza kuhesabu kilo za mchele wa leo alinifunga mdomo kwa kuniambia, "Nna gunia zima ndani, mwanangu, hata kisaga usinunue." Kwa wale ambao sikuwataja, nimechoka, msinihesabie.

Baba Bakhita, lala salama. Uliyemsubiri hakusema, nimesema mimi.

Sasa chakula. Wali umepakuliwa, mchuzi ni wa kuku, pilipili iko pembeni kwa anayetaka. Wakati mnakaa nilihesabu sahani, ni thelathini na nne, na Maha amehesabu watu, ni thelathini na wanne, Padri na Bwana Musallam na wazee wako mbele, wanawake wa sokoni wako kulia, na Godson yuko kiti cha tisa kutoka mlangoni, nimempakulia kwa mkono wangu mwenyewe, paja zima. Hakuna anayekosekana. Kuleni.